Čech, Vaclík au Viktor: kijana wa golini amfuate nani?

Mwaka jana kijana mmoja wa miaka 16 ninayemfundisha kudaka aliniuliza swali, nikalijibu kwa haraka, na haraka ile imenisumbua mpaka leo. Alitaka jina la kipa mmoja tu wa kumfuatilia. Bando lake ni dogo, muda wake ni ule wa jioni baada ya shule, hawezi kumtazama kila mtu. Nikamwambia: Petr Čech. Wiki iliyofuata akanionyesha alichokipata kwenye simu: video ya dakika nne, Čech anaruka kulia, anaruka kushoto, anapangua mpira uliokuwa unakwenda chini ya mtambaa panya, muziki mkubwa juu yake. Kijana akatoka hapo akiamini kwamba kazi ya kipa ni kuruka. Wakati Čech niliyemtaja mimi alikuwa mgumu kufungika kwa sababu mara nyingi mpira ulimkuta ameshasimama kwenye njia yake.

Basi swali lile nalijibu upya, safari hii kwa utulivu. Nimechukua makipa watatu wa nchi moja ili wapimwe kwa mizani moja. Ucheki haina hata watu milioni 11, lakini golini ni taifa kubwa tangu zamani. František Plánička wa Slavia Praha ndiye aliyekuwa nahodha wa Chekoslovakia iliyofika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1934 mjini Roma, wakafungwa na Italia 2-1 katika muda wa nyongeza. Plánička nimemweka kando kwa sababu kijana wa leo hana picha za kutosha za kujifunza kwake. Waliobaki ni Čech, Tomáš Vaclík na Ivo Viktor. Mmoja alipanda mapema, mmoja alichelewa kupanda, mmoja alidaka nyumbani mpaka mwisho.

Kiti ni kimoja

Kabla ya kuwalinganisha, kuna jambo la kipa ambalo wachezaji wa ndani, wasio makipa, hawalijui vizuri. Beki akiumia, kocha anaweza kumrudisha kiungo nyuma. Winga akishuka kiwango, bado atapata dakika 20 za mwisho. Kipa namba mbili hana dakika 20 za mwisho. Anaweza kusugua benchi msimu mzima, anapasha misuli kila wiki, anakunja glovu anazirudisha kwenye begi zikiwa kavu. Na siku nafasi ikipatikana, huwa imetokana na balaa la mwenzake: kaumia, kakosea, kauzwa, au hasikilizani na kocha.

Ukisoma safari ya kipa yeyote bila kuliangalia hilo utadhani kila kitu kilikuwa kipaji. Mimi nawapima hawa watatu kwa maswali mawili. Kiti kilipokuwa wazi, walikuwa wameiva kiasi gani? Na kilipochukuliwa na mwingine, walifanya nini?

Čech: ngazi moja moja, bila kuruka hata moja

Petr Čech alizaliwa Plzeň tarehe 20 Mei 1982, na alianza soka Viktoria Plzeň akiwa mshambuliaji. Alivunjika mguu akiwa mtoto, akawekwa golini, akabaki huko huko.

Mwaka 1999, akiwa na miaka 17, alianza kucheza ligi kuu na Chmel Blšany. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana wengi wanapasahau. Blšany ni kamji ka watu wapatao elfu moja, katikati ya mashamba ya hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Hata hilo neno Chmel katika jina la timu maana yake ni hopsi. Timu ya kijiji katika ligi kuu haina raha. Wakubwa wakija wanakuja kushambulia, na kipa wake hupata kazi nyingi kwa mechi moja kuliko kipa wa timu kubwa kwa mwezi. Kijana wa miaka 17 akiwekwa benchi la klabu kubwa atajifunza kuvaa vizuri. Akiwekwa golini Blšany atajifunza kudaka.

Mwaka 2001 Sparta Praha ikamchukua, na mwaka huo huo akapita zaidi ya dakika 850 za ligi bila nyavu zake kutikiswa, akavunja rekodi ya nchi. Mei 2002 akawa golini Uswisi, Wacheki walipoifunga Ufaransa kwa matuta na kutwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 21. Majira hayo hayo ya kiangazi akaenda Ufaransa kwenyewe, Rennes, akiwa na miaka 20.

Rennes haikuwa timu ya kugombea ubingwa. Alikaa misimu miwili, akicheza kila wiki katika ligi yenye washambuliaji wenye nguvu na kasi. Ukiangalia mstari mzima, Plzeň, Blšany, Sparta, Rennes, kila hatua ni kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, na kila mahali alikuwa anacheza. Hakwenda popote kukaa.

Mwaka 2004 Chelsea ikamnunua kwa pauni milioni 7. Pale alimkuta Carlo Cudicini, kipa aliyependwa na mashabiki, na José Mourinho ndiyo kwanza anaingia. Cudicini akaumia kiwiko kabla ya msimu kuanza. Čech akapewa mechi ya kwanza dhidi ya Manchester United, Chelsea ikashinda 1-0, na kiti hakikurudi tena kwa mwenyewe. Msimu ule Chelsea iliruhusu mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi. Čech mwenyewe alimaliza mechi 24 za ligi bila kufungwa, na katikati ya msimu akakaa dakika 1,025 za ligi bila kuokota mpira wavuni. Ana miaka 22.

Watu husema alikuwa na bahati kwamba Cudicini aliumia. Bahati ilimpa mechi ya kwanza. Mechi zilizofuata alizilipa kwa miaka mitano ya kudaka kila wiki, Blšany, Praha na Rennes.

Kisha ikaja tarehe 14 Oktoba 2006, uwanja wa Reading. Mechi haijamaliza hata dakika moja. Mpira mrefu unaingia kwenye boksi, Čech anateremka kuudaka chini kama alivyofanya mara elfu, Stephen Hunt anafika kwa kasi, goti lake linampiga Čech upande wa kichwa. Fuvu likabonyea ndani. Akatolewa, akakimbizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji. Cudicini aliyeingia badala yake naye akagongwa na kupoteza fahamu kabla mechi haijaisha, na mabadiliko yalikuwa yamekwisha. John Terry, beki wa kati, akavaa glovu na kumaliza dakika zilizobaki. Chelsea ilishinda 1-0.

Miezi mitatu baadaye, Januari 2007, Čech alirudi dhidi ya Liverpool akiwa amevaa ile kofia laini ya wachezaji wa raga. Aliivaa mpaka mechi yake ya mwisho. Ninachotaka vijana wakione hapo ni miguu yake, maana kofia kila mtu anaiona. Kipa aliyepasuliwa kichwa kwa kuteremka miguuni mwa mshambuliaji ana kila sababu ya kuchelewa nusu hatua mara nyingine. Tafuteni mechi zake za baada ya 2007, mtazame mipira iliyo katikati yake na mshambuliaji. Anateremka.

Usiku wa München, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya tarehe 19 Mei 2012, kesho yake akitimiza miaka 30, ndio ninaomwonyesha kila kipa ninayemfundisha. Bayern wapo kwao, Chelsea wanapumulia mashine, Drogba amesawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Muda wa nyongeza unaanza, Drogba huyo huyo anamwangusha Ribéry kwenye boksi. Robben anaweka mpira chini. Čech anakwenda kushoto kwake, mpira unamgonga, anaugeukia na kuulalia. Baadaye, kwenye matuta, alikwenda upande sahihi mara zote tano. Lahm, Gomez na Neuer walipita, ila wa Olić aliudaka, na wa Schweinsteiger aliugusa kwa ncha za vidole ukagonga mwamba, Chelsea wakachukua kombe. Ukijumlisha na ule wa Robben ni mikwaju sita, na mara sita mwili wake ulikwenda mpira ulikokwenda. Alikuwa amekaa na kutazama penalti za Bayern za miaka mitano, tangu 2007. Hiyo ndiyo kazi ya kipa isiyowekewa muziki.

Nisimfiche makosa yake, maana kijana anayedhani shujaa hakosei atakata tamaa siku yake ikifika. Geneva, tarehe 15 Juni 2008, Euro, Ucheki inaongoza Uturuki 2-0 dakika 15 tu kabla ya mwisho. Arda Turan anapunguza moja. Dakika ya 87 inakuja krosi ambayo Čech angeidaka usingizini, anaitema mikononi, Nihat anasukuma wavuni. Dakika mbili baadaye Nihat anafunga la tatu, Wacheki wakarudi nyumbani. Čech aliendelea kuwa namba moja wa taifa lake miaka minane mingine, akafikisha mechi 124, rekodi ya nchi.

Na kiti chake pia kilichukuliwa. Mwaka 2014 Thibaut Courtois alirudi Chelsea kutoka Atlético Madrid, kijana wa miaka 22, umri ule ule aliofika nao Čech. Čech akakaa benchi msimu mmoja, akapewa fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Tottenham, akashinda 2-0 bila kufungwa. Alipoondoka Chelsea alikuwa amecheza mechi 494, na 228 kati ya hizo hakuruhusu bao. Akaenda Arsenal mwaka 2015, na msimu wake wa kwanza pale akachukua tuzo ya kipa mwenye mechi nyingi zaidi bila kufungwa katika ligi, mara yake ya nne. Alistaafu 2019 akiwa na mechi 202 za Ligi Kuu ya Uingereza bila kufungwa, rekodi ya ligi hiyo. Mechi ya mwisho ilikuwa fainali ya Europa League mjini Baku, na aliyemfunga 4-1 ni Chelsea.

Vaclík: aliyefika saa tano asubuhi

Tomáš Vaclík alizaliwa Ostrava tarehe 29 Machi 1989, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Alilelewa Vítkovice, akaenda Viktoria Žižkov ya Praha, na ilipofika 2012 ndipo akavaa jezi ya Sparta. Linganisha: Čech aliiacha Sparta akiwa na miaka 20, Vaclík aliingia akiwa anakaribia 23. Katika umri ambao Čech tayari ni bingwa wa Uingereza, Vaclík alikuwa bado anatafuta msimu wake wa kwanza wa maana.

Mwaka 2014 Sparta ilichukua ligi na kombe, yeye golini. Basel ya Uswisi ilikuwa imempoteza Yann Sommer aliyekwenda Ujerumani, kiti kikawa wazi, Vaclík akakikalia akiwa na miaka 25. Oktoba mwaka huo huo Basel iliifunga Liverpool 1-0 katika Ligi ya Mabingwa, na baadaye wakaitoa mashindanoni. Ukaja ubingwa wa Uswisi 2015, 2016 na 2017. Machi 2018 Basel walishinda 2-1 nyumbani kwa Manchester City, ingawa mechi ya kwanza walikuwa wameshapoteza 4-0. Majira ya kiangazi ya 2018 Sevilla ikamchukua, ana miaka 29.

Msimu wa kwanza Hispania alikuwa mzuri sana. Vaclík hana urefu wa Čech wa mita 1.96, na anadaka tofauti: anasubiri kwenye mstari, magoti yamekunjwa kidogo, mikono chini, halafu ana wepesi wa kushuka na wa mguu unaochomoza dakika ya mwisho. Ana kwa ana na mshambuliaji hakuharakisha kulala. Kwa kipa mfupi kidogo, huyu ni mwalimu kuliko Čech. Ukimwiga Čech kwenye krosi huku una urefu wa kawaida utafungwa kila kona.

Septemba 2019 Sevilla ikamleta kwa mkopo kipa kutoka Girona, Mmoroko Yassine Bounou, tunayemwita Bono. Alikuja kuwa namba mbili.

Tarehe 6 Julai 2020 Sevilla inacheza na Eibar, viwanja vitupu kwa sababu ya korona. Lucas Ocampos, winga, amefunga bao pekee la mechi. Dakika za majeruhi Vaclík anaumia na hawezi kuendelea, na kocha hana mabadiliko tena. Ocampos anavua jezi yake, anavaa ya kipa. Eibar wanapata kona ya mwisho, kipa wao Marko Dmitrović amepanda kushambulia, mpira unamwangukia, anapiga, na Ocampos anauzuia. Winga aliyefunga bao akaokoa bao kutoka kwa kipa. Dunia nzima ya soka ilishangilia usiku ule.

Mimi ninaporudia picha zile ninamtafuta Vaclík. Siku ile kiti kiliondoka. Bono alidaka mechi zilizofuata, Agosti akadaka penalti ya Raúl Jiménez wa Wolves, akaizuia Manchester United kwenye nusu fainali kwa namna ambayo Waingereza hawajaisahau, na tarehe 21 mjini Köln Sevilla ikaifunga Inter 3-2 na kuchukua Europa League. Msimu uliofuata Bono ndiye namba moja. Mnajua yaliyomtokea baada ya hapo: tuzo ya kipa bora wa ligi ya Hispania, kisha Qatar 2022 na Uhispania ikitolewa kwa matuta na mikono yake.

Weka sasa Reading na Sevilla meza moja. Makipa wawili wa Kicheki, wote wameumia kazini, siku zote mbili mchezaji wa ndani kavaa glovu. Čech alivunjika fuvu, akakaa nje miezi mitatu, akarudi akakuta kiti chake kinamsubiri. Vaclík aliumia vibaya kidogo tu kuliko kawaida, na hakukipata tena. Tofauti naiona kwa aliyekuwa nyuma yao: nyuma ya Čech hakukuwa na Bono mwaka 2006. Hilo kijana hawezi kulipanga, lakini ni vizuri alijue mapema.

Na Vaclík alifanya nini? Hapa ndipo ninapompenda. Akiwa kipa wa akiba Sevilla, msimu mzima anapata mechi za kuokoteza, alibaki namba moja wa Ucheki. Kwenye Euro iliyochezwa 2021 alisimama golini Glasgow walipoifunga Scotland 2-0, mechi ambayo watu wanakumbuka bao la Patrik Schick kutoka karibu na katikati ya uwanja, ila Scotland walipiga mara nyingi na hawakupata kitu. Uholanzi nayo haikumfunga mjini Budapest, 2-0 tena. Safari ikaishia robo fainali, 2-1 dhidi ya Denmark, Baku, mji ule ule alikomalizia Čech. Mkataba wa Sevilla ukaisha, akaenda Olympiacos, akawa bingwa wa Ugiriki 2022, baadaye akapita Huddersfield na New England Revolution ya Marekani. Mechi zaidi ya 50 za taifa. Hajawahi kuwa nyota wa mabango, na ameishi kwa kudaka.

Viktor: mlango wa kutokea umefungwa

Ivo Viktor, aliyezaliwa 21 Mei 1942, alidaka Dukla Praha, klabu ya jeshi, kuanzia 1963 hadi 1977. Enzi za ukomunisti mchezaji wa Chekoslovakia hakwenda kucheza Magharibi kwa kutaka kwake. Ruhusa ilitolewa, kama ilitolewa, umri ukishavuka 30. Antonín Panenka mwenyewe aliondoka kwenda Rapid Wien mwaka 1981 akiwa na miaka 32. Kwa hiyo usimpime Viktor kwa klabu alizopita. Miaka yake mikubwa yote aliitumia katika moja, na moja hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya 1967, ikatolewa na Celtic waliokuja kuwa mabingwa.

Picha yake moja kila mtu ameiona bila kujua jina lake. Guadalajara, tarehe 3 Juni 1970, Brazil na Chekoslovakia. Pelé yuko ndani ya nusu yake, anainua macho, anamwona kipa amesimama mbali na goli, anaupiga mpira juu kutoka kule kule. Anayekimbia kinyumenyume, kichwa kimegeukia angani, ni Viktor. Mpira ukapita pembeni ya mwamba kwa upana mdogo. Brazil walishinda 4-1. Kipa mwingine angekumbukwa kwa picha hiyo peke yake maisha yote.

Miaka sita baadaye Viktor, ana miaka 34, yuko Belgrade kwenye fainali ya Euro. Wanaongoza 2-0 dhidi ya Ujerumani Magharibi, bingwa wa dunia, na wanasawazishiwa dakika ya mwisho. Matuta. Viktor hakudaka hata mkwaju mmoja. Uli Hoeneß alipaisha wake, na Panenka akamalizia kwa ule mguso wake wa polepole katikati ya goli. Viktor alikuwa akilala naye chumba kimoja kambini na alikuwa amemuonya asithubutu. Mwisho wa mwaka kura za mpira wa dhahabu zilimweka Viktor wa tatu Ulaya, nyuma ya Beckenbauer na Rensenbrink. Kipa wa klabu ya nyumbani, ambaye hakuwahi kuuzwa nje.

Sasa, kijana wangu achague nani

Kama ana miaka 15 hadi 18 na ameshapata timu inayompanga, jibu langu linabaki Čech, lakini Čech wa Blšany na Rennes, kabla ya yule wa makombe. Swali la kujiuliza ukiitwa na timu kubwa ni hili: nitacheza? Kama jibu ni utakaa nyuma ya kipa wa miaka 25 mwenye afya na mkataba mrefu, Čech wa mwaka 1999 angekwenda kwenye mashamba ya hopsi. Wazee wake na wakala wasikie hili pia, maana mara nyingi ndio wanaovutwa na jina la klabu.

Kama ana miaka 20 na kitu na anaona wenzake wameshapita, amfuate Vaclík. Miaka 25 si uzee golini. Kuna ndugu yetu wa Senegal, Édouard Mendy, aliyekaa mwaka mzima bila timu akiwa na miaka 22, na mwaka 2020 Chelsea ikamsajili kutoka Rennes, mlango ule ule aliopitia Čech, na Čech mwenyewe wakati huo akiwa mshauri wa ufundi pale klabuni na ndiye aliyempendekeza. Mei 2021 Mendy alikuwa bingwa wa Ulaya. Vaclík na Mendy watazamwe pamoja. Vaclík pia ni chaguo la kipa asiye mrefu, na la kipa anayeuguza jeraha huku mwingine akidaka vizuri nafasini mwake. Kwa huyo wa mwisho sina video bora kuliko mechi za Vaclík za Euro.

Viktor nampendekeza kwa watu wachache: kipa ambaye anajua hatatoka, ana kazi, ana familia, anadaka timu ya mkoa wake na hataki kuitwa aliyeshindwa. Na yule aliyewahi kufungwa au kunusurika bao la aibu mbele ya watu wengi. Mpelekeni Guadalajara, halafu mpelekeni Belgrade.

Upande mmoja wa Čech simshauri mtu auige: ile kofia. Aliivaa kwa sababu ya jeraha lake. Kuna watoto wanaivaa kwa sababu yake, na nimeona mmoja akiamini inamlinda kiasi cha kuteremka kichwa mbele. Mikono ndiyo itangulie, kichwa kibaki nyuma ya mikono, goti moja limekunjwa kumkinga. Hili nalifundisha kila Jumanne kabla ya kitu kingine chochote.

Yule kijana nimemfutia ile video ya dakika nne. Nimemwekea kwenye simu mechi tatu nzima: München 2012, Glasgow 2021, na Geneva 2008, hii ya mwisho aitazame akiwa amekaa na kalamu, aandike Čech alikuwa amesimama wapi kabla ya kila krosi. Ameanza na Geneva. Jana alinitumia karatasi aliyoipiga picha: krosi 9 za kipindi cha pili, na mbele ya ile ya dakika ya 87 ameandika, "miguu ilikuwa sawa, macho yalishaondoka."